Mazoezi na Mazoea

Juu ya karatasi ya andalio la somo kuna jedwali dogo la idadi ya wanafunzi. Lina sehemu mbili, walioandikishwa na waliohudhuria, na kila moja imegawanywa kwa wavulana, wasichana na jumla. Sehemu ya kwanza mwalimu anaweza kuijaza usiku akiwa nyumbani, kwa kuwa idadi inatoka kwenye daftari la mahudhurio. Ya pili hawezi. Lazima aingie darasani, awaangalie watoto, awahesabu, ndipo aandike.

Mwaka 2009 nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, katika shule ya msingi moja mkoani Singida, nilikuwa nazijaza zote mbili usiku. Walioandikishwa 94, waliohudhuria 94. Kisha chini kabisa, kwenye tathmini, naandika: "Wanafunzi wengi wameelewa somo." Kalamu ile ile, koroboi ile ile, saa tatu usiku, na wanafunzi hao wenyewe wamelala makwao.

Sikuwa mvivu. Andalio langu lilikuwa safi, mistari imepigwa kwa rula, dakika zimegawanywa zikajumlika arobaini kamili: utangulizi tano, maarifa mapya kumi na tano, kuimarisha maarifa kumi, tafakari tano, hitimisho tano. Nilichokuwa nacho ni hofu. Nilidhani somo ni kitu ambacho mwalimu anatoka nacho nyumbani kimeshaiva, kama chakula ndani ya hotipoti, na kazi iliyobaki ni kufunua na kupakua. Kama kimeiva, cha nini kusubiri kuwaona watakaokula?

Kipindi kile wenyewe tulikiita BTP, lakini kwa Kiswahili ni mazoezi ya kufundisha, na jina hilo limenikaa kichwani tangu wakati ule. Mazoezi yametokana na kuzoea. Mazoea nayo yametokana na kuzoea. Ni ndugu wa tumbo moja wasiofanana tabia. Mtu akifanya mazoezi tunampongeza. Akifanya jambo kwa mazoea tunaingiwa na wasiwasi, na wahenga walikwisha kusema mazoea yana taabu. Mwanachuo anapelekwa shuleni ili azoee. Azoee kusimama mbele ya watu, azoee vumbi la chaki, azoee kupaza sauti bila koo kumkauka, azoee kukaa zamu na kupiga kengele. Asipozoea hayo kazi haiwezi. Shida ni kwamba kuzoea hakuna breki. Mkono ukishaizoea chaki, jicho nalo linamzoea mtoto, na mtoto aliyezoeleka huwa hatazamwi tena. Anahesabiwa tu, tena usiku, akiwa hayupo.

Basi mtu anafanyaje mazoezi bila kuambulia mazoea?

Mada ilikuwa sehemu, hisabati ya darasa la nne. Nilikuwa nimetengeneza zana kwa karatasi ya manila: duara kubwa mbili, moja nimeigawa mara tatu na nyingine mara nne, kila kipande na rangi yake. Kitabu kilisema keki, nami nikasema keki. Nikabandika ukutani, nikaandika ubaoni 1/3 na 1/4, nikauliza ipi ni kubwa. Kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye siku zote alikuwa kimya, akanyoosha mkono mpaka akasimama wima.

"Moja ya nne, mwalimu."

"Siyo. Mwingine?"

"Moja ya nne," akasema msichana wa mbele.

"Siyo. Mwingine?"

Darasa zima likajibu kwa pamoja, moja ya nne, kwa sauti ya watu wenye hakika. Nikazigeukia zile duara za manila, nikarudia maneno yale yale niliyokwisha kuyasema, safari hii kwa sauti kubwa zaidi. Nafikiri hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho mwalimu mgeni hufanya akikwama: anapaza sauti, kana kwamba tatizo la mtoto liko masikioni. Nikarudia mara ya tatu. Mara ya nne nikauliza, "Tumeelewana?" wakaitikia "Ndiyoooo", kengele ikalia, nikatoka. Andalio lilikuwa limetekelezwa hatua kwa hatua. Tathmini ilikuwa imeshaandikwa tangu jana yake.

Kwenye chumba cha walimu mwenzetu mmoja, mtu mwema aliyetaka kunipoza, aliniambia nisijisumbue na wale wa nyuma. "Wale ni wazito," alisema. Maneno hayo yalinipa nafuu kubwa, na leo nafuu hiyo ndiyo inayoniogopesha ninapoikumbuka. Tunalo neno zuri sana tunalolitumia kwa wanafunzi: kushika. Huyu anashika haraka, yule hashiki. Mtu husemwa hashiki pale kitu kilipokwisha kufikishwa mkononi mwake akakiangusha. Sasa mimi nilikuwa nimekifikisha mkononi mwa nani? Nilikuwa nimekitundika ukutani, mbali, katika umbo la keki, kwenye kijiji ambacho keki huonekana siku ya harusi, na huliwa na maharusi na wakubwa. Mtoto akiitwa mzito, mzigo wote umehamia kwake. Mwalimu amebaki mwepesi.

Yapo mabadiliko mengine yaliyonipata wiki ile, iliyokuwa ya tatu tangu nifike, na siwezi kuyaruka kwa kuwa nayo ni mazoezi. Nilianza kutembea na fimbo. Hakuna aliyenituma. Kanuni za nchi zinaiweka adhabu ya viboko mikononi mwa mkuu wa shule, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na zimeweka kikomo cha viboko vinne. Mimi nilikuwa mgeni wa wiki nane tu, sikuwa na ruhusa ya mtu. Lakini niliona walimu wakiwa nazo, nikaona mwenye nayo darasa lake linatulia, nami nikakata yangu kwenye ua wa nyumba ya jirani. Niliendana na mahali. Kama mtu angeniuliza wakati ule, ningemjibu kwa fahari kwamba nimejifunza kubadilika kufuatana na mazingira, maana hicho ndicho chuoni walichotuhimiza: mwalimu abadilike kufuatana na mazingira.

Ndiyo maana silipokei neno hili kubadilika moja kwa moja kama sifa. Chombo kinachopelekwa na upepo nacho kinabadilika. Nahodha anayepiga bishi anabadilika pia, leo tanga huku, kesho kule, lakini yeye anajua bandari anayoiendea. Mwanachuo anaweza kujirekebisha kwa ajili ya shule, akafanana nayo mpaka asijulikane kuwa ni mgeni. Anaweza pia kujirekebisha kwa ajili ya watoto. Kwa mbali mambo haya mawili yanafanana, maana katika yote mtu anaacha alichokuja nacho. La kwanza linampunguzia kazi. La pili linamwongezea, tena usiku, tena bila posho.

Mwalimu mlezi wangu alikuwa mama wa makamo aliyebakiza miaka michache kustaafu. Alikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Vijana wa leo huenda jina hilo hawalijui, basi niseme kidogo. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa Tanzania wa umri wa kwenda shule awe darasani. Watoto walikuwepo, na madarasa yalijengwa na wanavijiji wenyewe. Walimu hawakuwepo. Vyuo vilivyokuwepo visingeweza kuwatoa kwa miaka mitatu. Serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawaweka vijijini wafundishe sehemu ya siku na kusomea ualimu sehemu nyingine, kwa msaada wa waratibu, masomo ya posta na redio. Maelfu wakaingia kazini kwa njia hiyo. Watu wakawacheka, wakasema UPE maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Mlezi wangu alilisikia hilo akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, amesimama mbele ya watoto waliokaa chini kwenye udongo, na wengine walikuwa wamemzidi kimo.

Nilipokuwa mwanachuo nami nilikuwa na dharau hiyo kidogo, naikiri. Nilikuwa nimesomea saikolojia ya elimu, yeye hakuisomea hivyo. Lakini fikiria mtu ambaye maisha yake yote ya kazi yalianza kwa mazoezi, hakuwa na chuo cha kukimbilia wala mahali pa kuficha kutojua kwake. Asubuhi anafundisha asichokielewa vizuri, mchana anajifunza kukifundisha, kesho yake anarudi kwa watoto wale wale. Mtu huyo hana njia ila kuwatazama watoto. Kitabu chake cha mbinu za kufundishia kilikuwa nyuso zao. Baada ya miaka thelathini na zaidi alikuwa bado anaandika andalio kila siku, kwa herufi kubwa za mviringo, na lile jedwali la waliohudhuria alilijaza darasani akiwa amesimama, kalamu nyekundu.

Siku ile ya keki alikuwa amekaa nyuma ya darasa. Hakusema neno mpaka saa nne, tukiwa tunakunywa uji.

"Mwanangu, yule kijana aliposema moja ya nne, ulimwuliza amepataje?"

"Hapana, mama. Alikuwa amekosea."

"Najua amekosea. Nakuuliza ulimwuliza amepataje."

Hakuendelea. Akaniomba nimpitishie sukari.

Kesho yake nilimwita yule kijana kabla ya namba, nikamwuliza. Alinitazama kwanza kuona kama nimeshika fimbo. Kisha akasema polepole, kama mtu anayemweleza mgeni jambo ambalo kila mwenyeji analijua: "Kwa sababu nne inaizidi tatu, mwalimu."

Nilisimama pale uwanjani nikiwa sina la kumjibu. Tangu darasa la kwanza tulikuwa tumemfundisha kwamba nne inaizidi tatu. Alihesabu vijiti, akahesabu mawe, akapigwa tiki nyekundu kwa jambo hilo mwaka baada ya mwaka. Sasa nimemwandikia nne nikaiweka chini ya kistari, nikataka asahau yote aliyoaminishwa, kwa sababu tu nimechora duara. Kosa lake lilikuwa uaminifu kwetu. Alikuwa ameshika, tena barabara.

Neno hilo la mlezi, umepataje, nimeligeuza sana akilini tangu siku ile. Halina utaalamu ndani yake. Linatamkwa kila siku dukani na njiani. Lakini kwa mwalimu lina uzito wa pekee kwa sababu linadai aamini kitu kabla ya kusikia jibu: kwamba nyuma ya jibu la mtoto kuna njia, kwamba mtoto alitoka mahali akafika mahali. Ukisema "siyo, mwingine", umeona alipofika tu. Ukimwuliza amepataje unakubali kurudi naye nyuma mpaka njia panda alipopotea, na mara nyingi utakuta hapo hapo ndipo ulipomwacha wewe.

Siku ya tatu niliingia na debe la lita ishirini na sado mbili, yale makopo ya rangi ya lita nne ambayo huku kwetu mahindi, maharage na alizeti hupimwa kwayo. Niliwatoa nje, kwenye rundo la mchanga ambalo wazazi walikuwa wameleta kwa ujenzi wa vyoo. Waliohudhuria walikuwa 71. Mtama ulikuwa unakomaa na wengine walikuwa wamebakizwa mashambani kuamia ndege. Andalio langu jipya lilikuwa zuri kuliko la kwanza: sado tano zinajaza debe, kwa hiyo sado ni moja ya tano ya debe. Nilichota mchanga, nikaufuta kwa rula ukalingana na ukingo, nikamwaga. Moja. Nikachota ya pili.

"Mwalimu," akasema msichana mmoja, "hiyo siyo sado."

Huyu alikuwa na mama anayeuza karanga mnadani, na siku za mnada hakuonekana shuleni. Nilimwuliza kwa nini si sado.

"Umeikata kichwa. Sado ya mnadani ina kichuguu. Ukiuza hivyo watu hawanunui."

Darasa likacheka, wengine wakaitikia kwamba kweli. Hapo nilihisi ile hofu yangu ya usiku ikirudi. Andalio halikuwa na kichuguu. Dakika zilikuwa zinakwenda. Ningeweza kusema, "Tulia, sikiliza mwalimu," na watoto wa kwetu wakiambiwa hivyo hutulia. Badala yake nilimwaga mchanga wa debeni, nikampa kopo. Sikufanya hivyo kwa hekima. Nilifanya kwa kuwa juzi yake nilikuwa nimeshindwa, na aliyeshindwa mikono yake huwa haijakaza sana kwenye alichoshika.

Alipiga magoti, akachota, akapiga kopo ubavuni kwa kiganja ili mchanga ushuke, akaongeza kwa mkono wa kushoto huku wa kulia umezungushwa ukingoni kama ukuta, mpaka ukasimama juu kichuguu chembamba kisichomwagika. Aliinua taratibu bila kutetemeka, akamimina debeni. Nilitambua kwamba natazama mtu aliyefuzu kazi yake. Akachota ya pili, ya tatu, ya nne. Debe likajaa.

"Nne," akasema.

"Mbona mwalimu alituambia tano?" mwingine akauliza, nami nikanyamaza. Nilikuwa sijapanga kunyamaza. Ni kwamba nami nilikuwa nafikiri.

Wakabishana. Mmoja alisema debe limebonyea. Mwingine akasema mchanga umeongezeka maji. Kisha yule kijana wa dawati la nyuma, yule mzito, akachuchumaa karibu na debe, akayatazama makopo mawili niliyoyapanga, la kukatwa kichwa na la kichuguu, akasema: "Zake ni kubwa. Zikiwa kubwa zinakwenda chache."

"Hebu rudia."

"Zikienda chache ndiyo kila moja kubwa, mwalimu. Nne ni chache kuliko tano. Kwa hiyo..." Akanyamaza. Nikaona kabisa usoni mwake kitu kikigeuka, kama mtu anayelipindua jiwe la kusagia. "Kwa hiyo moja ya nne inaizidi moja ya tano. Na moja ya tatu inaizidi moja ya nne."

Kengele ilikuwa imelia. Hakuna aliyeondoka.

Mambo hayakuishia hapo kwa uzuri wote. Wiki mbili baadaye mkufunzi alikuja kunikagua, na mimi kwa ujasiri wa yaliyotokea nikawaacha watoto wabishane tena, juu ya mada nyingine. Safari hii mabishano hayakuzaa kitu. Nilipitiliza muda, hitimisho sikulifikia, na alama alizonipa zilikuwa za chini kuliko nilizozitarajia. Nilipomlalamikia mlezi wangu, hakunitetea. Alisema mkufunzi yuko sawa, kwamba nilikwenda darasani kutafuta kichuguu kingine wakati siku hiyo hapakuwa na kichuguu. Ilinichukua muda kumwelewa. Nilikuwa nimeanza kuzoea hata kubadilika kwenyewe. Mara moja nililiacha andalio kwa sababu mtoto alikuwa na la kusema. Mara ya pili nililiacha kwa sababu nilipenda picha yangu mwenyewe nikiwa mwalimu anayeliacha andalio.

Tangu hapo nimeliheshimu andalio kuliko zamani. Bila sado tano zangu za kukatwa kichwa, zile nne za kichuguu zingekuwa mchezo wa mchanga tu. Palihitajika kitu kilichopangwa ili kuwe na kitu cha kushangaza. Mwalimu asiyejiandaa hana cha kubadilisha; anatangatanga tu, na watoto wanalijua hilo mapema kuliko wakaguzi. Ninachokipinga ni kule kudhani kwamba nilichokiandika usiku ndicho somo. Ni ahadi tu. Nimewaahidi watoto ambao sijawaona, na asubuhi wakija waliokuja, 71 badala ya 94, ahadi inabidi itekelezwe kwa hawa.

Mwalimu Nyerere, aliyefundisha Tabora na Pugu kabla siasa haijamtoa darasani mwaka 1955, aliliona jambo linalokaribiana na hili alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Alilaumu elimu iliyomfanya mtoto aamini kwamba maarifa ya maana yamo vitabuni na vichwani mwa waliosoma tu, na kwamba wazee wake hawana wanachokijua. Kwa kawaida maneno yale tunayasoma kama habari za shamba la shule na jembe. Mimi nayasoma nikimwona yule msichana amepiga magoti mchangani. Siku za mnada alikuwa akiandikwa mtoro. Daftari la mahudhurio lilikuwa sahihi, hakuwepo. Lakini alipokuwa hayupo alikuwa mahali ambapo sehemu zinapimwa kwa fedha, ambapo ukikosea kichuguu unapoteza mteja. Sisemi utoro ni mzuri. Alipitwa na mengi, na kusoma kulimpa shida mpaka nilipoondoka. Nasema tu kwamba alirudi na kitu, na kwa majuma matatu hakuna mwalimu aliyemwuliza amerudi na nini.

Kuna jambo katika Kiswahili ambalo huwa linanituliza ninapochoka na kazi hii. Mwanafunzi hatusemi tu kwamba anafunzwa. Tunasema anajifunza. Ile ji ni yake mwenyewe. Anayefunza na anayefunzwa wamo ndani ya mtu mmoja, na mwalimu, ukilitazama neno lenyewe, yuko nje ya mlango. Nilipokuwa naandika usiku "wanafunzi wengi wameelewa somo", nilikuwa nawasemea jambo ambalo hata lugha haikuniruhusu kuwafanyia. Kazi yangu ni kumfikishia mtoto mchanga, debe na kopo, kisha kusogea hatua moja pembeni niache nafasi ya ile ji. Hatua hiyo moja ndiyo ngumu kuliko zote za andalio, na haina dakika zake.

Tena twasema samaki mkunje angali mbichi. Tumeitumia methali hiyo kwa watoto miaka mingi, nayo ni kweli. Lakini mtu aliyewahi kukunja samaki anajua kwamba mkono nao unafuata mgongo wa samaki. Ukikunja kila samaki kwa namna moja, wengine utawavunja. Mwanachuo wa ualimu naye bado mbichi, na majuma yale manane ndiyo yanayomkunja. Akikunjwa kwa mazoea ya chumba cha walimu, kwa "wale ni wazito" na fimbo ya kukata uani, atakauka hivyo hivyo, na atakaa hivyo miaka thelathini.

Yule mlezi wangu amestaafu zamani. Mimi sasa niko upande wake wa meza, nami hupokea wanachuo. Tangu ada ya shule ya msingi ilipofutwa, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza mwaka 2002, madarasa yetu yalijaa, na tangu 2016 michango ilipoondolewa yakajaa zaidi, kwa hiyo siwadanganyi vijana kwamba wataweza kumwuliza kila mtoto amepataje. Kwenye darasa la watoto mia dakika arobaini hazitoshi hata kuwaita majina. Nawaambia wamwulize mmoja kwa kila kipindi, na asiwe yule yule kila siku. Kwenye nafasi ya tathmini waandike alichojibu, kwa maneno yake. Wengine hulalamika kwamba nafasi ni ndogo. Nawaambia waandike nyuma ya karatasi.

Jumatatu nategemea wanachuo wawili wa hisabati, darasa la nne, mada ni sehemu. Nimewaandikia waje na maandalio yao yakiwa yamekamilika, isipokuwa lile jedwali la waliohudhuria. Debe na sado vipo stoo, na rundo la mchanga lipo nyuma ya darasa.